Hodi kwa Mzazi na Mwana
Kijitabu cha familia za Amu kuhusu huduma za afya zinazokuja nyumbani, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka 5

NENO KWA WENYE NYUMBA

Katika miji ya Amu, mzazi hukaa ndani siku arubaini. Hupikiwa, hukandwa kwa maji moto, na mama, shangazi na dada hupokezana kumhudumia. Ni desturi yenye hekima. Mwanamke aliyejifungua anahitaji kupumzika, na mwana anahitaji kuwa karibu na kifua cha mamake.

Lakini siku 28 za mwanzo, ambazo ndizo za hatari kubwa kuliko zote katika utoto, zote zimo ndani ya arubaini hiyo. Mtoto mchanga huweza kuamka mzima na jioni akawa amezidiwa. Kijitabu hiki kina jambo moja la kuwaambia: ikiwa mzazi hatoki, afya na iingie ndani. Huduma hiyo ipo na ni bure. Inahitaji nyumba ijue pa kuiita na iifungulie mlango.

NANI ATAKAYEPIGA HODI?

Ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Ni mtu wa mtaa wenu, aliyefunzwa na anayesimamiwa na wauguzi wa zahanati iliyo karibu. Mpango wa afya ya jamii ulianza Kenya mwaka 2006, na kwa muda mrefu watu hawa waliitwa wahudumu wa kujitolea. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchi nzima na kuwapa mikoba ya vifaa: mizani, kipimajoto, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, mashine ya presha na ya sukari, na simu ya kuandikia taarifa. Kila mmoja huhudumia nyumba kama 100.

Mhamasishaji hazalishi wala hadungi sindano. Kazi yake ni kutazama, kupima, kushauri na kuwaandikia rufaa mapema. Vijiji vya mbali, kama vile Kiwayuu na vile vya Waboni karibu na Kiunga, vimewahi pia kufikiwa na kliniki za Safari Doctors, shirika lililoanzishwa na Bi Umra Omar, ambalo hupeleka wauguzi kwa boti.

AJE LINI?

- Wakati wa mimba: mara tu mnapojua. Mama aanze kliniki mapema na mpange pamoja pa kujifungulia.
- Siku ya kwanza: kama mtoto amezaliwa nyumbani, mama na mtoto waonwe na mtaalamu kabla ya saa 24 kupita. Aliyejifungulia hospitali akae huko angalau saa 24.
- Siku ya 2 au ya 3: atazame kunyonya, joto la mwili, kitovu, na damu ya mama.
- Kati ya siku ya 7 na ya 14: mara nyingi hapa ndipo panapoangukia akika. Nyumba hujaa wageni, basi kila anayempakata mwana anawe mikono kwa sabuni, na mwenye mafua angojee siku nyingine.
- Wiki ya 6: arubaini imekwisha siku mbili tu zilizopita. Matoko ya kwanza ya mzazi yawe kwenda kliniki kwa chanjo ya mtoto na uchunguzi wa mama.
- Baada ya hapo: chanjo za wiki ya 10 na ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18, matone ya vitamini A kuanzia miezi 6, na kupimwa ukuaji hadi miaka 5.

ZIARA INAVYOKWENDA

Mgeni hupiga hodi na kungoja kwenye daka hadi akaribishwe. Mna haki ya kuomba aje mwanamke, na mama ana haki ya kuzungumza naye peke yake. Mgeni hunawa mikono, kisha huomba kijitabu cha afya ya mama na mtoto mlichopewa kliniki. Kiwekeni pamoja na vyeti vya nyumba, pasipofika maji wala watoto wa kuchora.

Mtoto akiwa ametulia, hufunuliwa kifua na pumzi zake zikahesabiwa kwa dakika 1 nzima. Zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, huhesabiwa mara ya pili. Zikibaki hivyo, hakuna kungoja: ni hospitali. Mtu wa nyumbani anaweza kujifunza kuhesabu hivi kwa saa ya simu yake. Mwombeni mgeni awaonyeshe.

Mtoto wa miezi 6 na kuendelea hupimwa kwa utepe katikati ya mkono wa juu. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni salama. Manjano, kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo: mtoto anahitaji chakula bora na kufuatiliwa. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali, na apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Wapo watoto wenye uso wa kunawiri ambao mkono ndio unaosema kweli.

Mwishowe mgeni atamuuliza mama hali yake. Mama akikaa na huzuni zaidi ya wiki 2, akikosa usingizi hata mtoto akilala, au akahisi hawezi kumpenda mwanawe, huo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu wala si upungufu wa imani. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali mara moja.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mtoto mchanga:
- anakataa kunyonya au ananyonya kwa udhaifu
- amelegea, hajitikisi mpaka aguswe
- anapumua mbio, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi
- ana degedege
- ana joto la 37.5 au zaidi, au mwili baridi chini ya 35.5
- viganja na nyayo vimekuwa vya manjano, au amegeuka manjano siku ya kwanza
- kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha

Mama:
- damu nyingi
- kichwa kinauma sana, au macho yanaona ukungu
- homa, au uchafu wenye harufu mbaya
- degedege, kushindwa kupumua, au mguu uliovimba na kuuma

Arubaini haimzuii mgonjwa kutoka. Dharura ina ruhusa yake.

MAMBO MATATU YA NDANI

Kitovu. Msitie majivu, mafuta wala mavi ya ng'ombe. Kama kliniki imewapa dawa ya kitovu ya klorheksidini, ipakwe kitovuni tu. Ikiingia machoni inaweza kupofusha, kwa hivyo iwekwe mbali na dawa nyingine. Mkigundua imeingia, osheni macho kwa maji safi mengi na mwende hospitali.

Kinywa. Mtoto anyonye ndani ya saa 1 ya kuzaliwa, na maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya manjano, yasikamuliwe yakamwagwa. Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila mafuta. Asali asipewe hadi atimize mwaka 1, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mdogo. Baada ya miezi 6, Amu haina uhaba wa vyakula vizuri: samaki aliyetolewa miiba na kupondwa, kunde, mchicha, viazi vitamu, embe, uji uliotiwa tui. Chai ya rangi msimpe, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2, muda ambao Waislamu wameufahamu tangu madrasani.

Hatari. Funikeni birika na kisima, na zibeni ngazi ya kupandia darini. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda.

MCHEZO NAO NI DAWA

Mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa 1 kila wiki kwa miaka 2. Mgeni alikuwa mhudumu wa kawaida wa afya, na alimfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakupata ziara hizo za mchezo.

Vifaa hivyo tunavyo. Vifuu viwili vya nazi vya kugonganisha, chupa yenye kokoto iliyofungwa barabara, makawa ya kupanga. Mwimbieni, mwiteni kwa jina, mjibuni akibwabwaja. Bibi aliyemzoeza mjukuu kusema "Tega!" kabla hajaweza kutegua kitendawili amekwisha kuanza shule yake. Baba anayerudi kutoka baharini ampakate na kuongea naye. Sauti yake nayo inajenga ubongo.

NAMNA YA KUUNGANISHWA NA HUDUMA

1. Ulizeni zahanati iliyo karibu: "Mhamasishaji wa mtaa wetu ni nani?" Mzee wa mtaa na chifu pia humjua.
2. Chukueni nambari yake na mwandikishe mimba au mtoto. Waliohamia karibuni, wapangaji na watumishi wa nyumbani nao wana haki.
3. Ikipita wiki 1 bila mhamasishaji kufika, mrudieni muuguzi wa zahanati. Yeye ndiye wa kumfuatilia.
4. Jisajilini na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Kwa waliosajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina ya serikali.
5. Mzazi akijifungua, ujumbe utumwe siku hiyo hiyo.
6. Chukueni karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, mkasajili mtoto kabla ya miezi 6.
7. Mkimwona mtoto anayeteswa au aliyetelekezwa, pigeni 116. Ni bure.

SAFARI YA BAHARINI

Kwa aliye Siyu, Kizingitini au Ndau, rufaa ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni chombo. Maji yakipwa, boti hazifiki kila pahali, na kusi ikivuma safari huwa nzito. Pangeni tangu mwezi wa 7 wa mimba: nahodha gani, mafuta ya nani, mtafika hospitali ya Faza au King Fahd hapa Amu. Mwenye mimba ya hatari asogee mapema kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Mtoto aliyezaliwa mdogo, chini ya kilo 2.5, asafirishwe akiwa amefungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani.

MASWALI YANAYOULIZWA

Mume wangu yuko baharini. Nani atamruhusu mgeni? Kubalianeni kabla hajatweka. Na kama ni dharura, aliyepo nyumbani aamue.

Mtoto akipimwa mbele ya watu, si ataingiwa na jicho? Ombeni apimwe chumbani, mlango umefungwa, na mgeni aseme mashaallah. Kupimwa kusiachwe.

Mkunga wetu wa siku zote tumwache? La. Awe msindikizaji wa mama hospitalini na msaidizi wake ndani ya arubaini. Anachokijua kuhusu familia yenu, mhamasishaji anahitaji kukisikia.

Mgeni atatangaza siri zetu? Amekatazwa. Akifanya hivyo, mshtakini kwa msimamizi wake zahanatini.

UKURASA WA KUBANDIKA MLANGONI

Mhamasishaji wetu: ____________ Simu: ____________
Zahanati yetu: ____________ Simu: ____________
Nahodha wa dharura: ____________ Simu: ____________
Wa kutusaidia pesa za nauli: ____________
Wa kubaki na watoto wengine: ____________
Tarehe ya kutarajia kujifungua: ____________
Tarehe ya ziara ijayo: ____________

Jazeni ukurasa huu leo, baba na mama pamoja, na mumwonyeshe bibi wa nyumba.