Somo la Afya: Homoni ya Ukuaji Ikizidi, Utumbo Mpana Uchunguzwe

Wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera wamezoea kuona watu warefu. Urefu wa kurithi si ugonjwa. Kinachopaswa kumshtua mtu mzima aliyekwisha kukoma kukua ni pete kuanza kumbana, viatu kuwa vidogo na taya kujitokeza mbele. Hali hiyo huitwa akromegali.

Mara nyingi chanzo chake ni uvimbe usio wa saratani kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Uvimbe huo hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Homoni hiyo hulifanya ini litengeneze kwa wingi kemikali iitwayo IGF-1, inayochochea seli kujigawa. Mikono, miguu na ulimi huongezeka ukubwa. Ndani ya utumbo mpana nako vinyama vidogo, yaani polipu, huota kwa urahisi zaidi kuliko kwa watu wengine. Baadhi ya polipu zikiachwa kwa miaka mingi hugeuka kuwa saratani.

Uhusiano huo umeonekana pia kwa upande wake wa pili. Kusini mwa Ekwado kuna watu ambao miili yao haiitikii homoni ya ukuaji, hivyo hubaki wafupi sana. Walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kuwa saratani ni nadra mno kwao.

Akromegali huwapata takriban watu 40 hadi 70 katika kila milioni moja. Kwa makadirio hayo, Garissa, iliyokuwa na watu 841,353 katika sensa ya 2019, inaweza kuwa na wagonjwa 34 hadi 59. Wengi huchelewa kugunduliwa kwa sababu mabadiliko huja polepole, hata jamaa wa nyumbani wasiyatambue. Kulinganisha uso na picha ya kitambulisho cha zamani husaidia. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa mara kwa mara, kutoona vizuri pembeni, kukoroma, jasho jingi, kisukari na shinikizo la damu.

Daktari hupima IGF-1 kwenye damu, kisha huagiza picha ya MRI ya kichwa. Uvimbe hutibiwa kwa upasuaji kupitia puani, kwa dawa au kwa mionzi. Ugonjwa ukithibitishwa, mgonjwa hushauriwa kufanyiwa kolonoskopi, hasa akiwa na miaka 40 au zaidi. Mrija wenye kamera hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa, na polipu nyingi zinazoonekana hukatwa papo hapo. Utumbo wa wagonjwa hawa huwa mrefu kuliko kawaida, hivyo dawa ya kuusafisha inywewe yote kama ilivyoagizwa.

Damu kwenye choo isichukuliwe kuwa bawasiri kabla ya uchunguzi. Mwenye dalili hizi aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze mabadiliko yote, na aulize kuhusu rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa.