Soma Chupa Kabla ya Kumpa Mgeni

Wanachuo wenzangu, semina ikikaribia, mimi ndiye hupewa kazi ya kununua vinywaji. Siku hizi kati ya wageni wetu wamo vegani, yaani watu wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama, si maziwa, si mayai, hata asali. Wengine wanaongozwa na imani, wengine huruma kwa wanyama. Kila mara nasikia, "Si uwape soda tu? Soda ina nyama gani?" Hebu tulijibu swali hilo kwa mpangilio.

Kwanza, soma viambato mpaka mwisho. Huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo rangi na vitamini hukaa mkiani. Maziwa ya unga na asali utaviona mara moja. Kazi iko kwa kaseini na kaseineti, ambazo ni protini ya maziwa. Unga wa kuweka kwenye kahawa unaweza kutangazwa kuwa si maziwa, na bado ukawa na kaseineti ndani yake.

Pili, angalia namba. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu wa kochineali, waishio kwenye mipungate. Mwaka 2012, Starbucks ya Marekani iliamua kuiacha rangi hiyo baada ya wateja vegani kulalamika, ikahamia rangi ya nyanya. E901 ni nta ya nyuki. E471 inatokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, na namba peke yake haikwambii ni yapi. Vitamini D3 nayo mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo.

Tatu, na hapa ndipo wengi tunapitwa: kuna vitu ambavyo lebo haivitaji. Juisi, bia na divai huweza kusafishwa kwa jelatini, ute wa yai, kaseini au isinglasi ili uchafu ushikane na kuzama. Isinglasi ni kibofu cha hewa cha samaki kilichokaushwa; ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wanavijua vibofu hivyo kwa jina la mabondo. Kwa kuwa hutolewa baada ya kazi, havihesabiwi kuwa viambato. Guinness walikuwa wakitumia isinglasi, na mwaka 2015 ndipo walipotangaza kuiacha.

Je, alama zinasaidia? Alama ya TBS inahusu viwango vya ubora. Halali haimkatazi mtu maziwa, asali wala samaki. Namba 620 mwanzoni mwa msimbo pau inaonyesha tu kwamba namba hiyo ilisajiliwa Tanzania.

Kinachobaki ni kumuuliza mtengenezaji kupitia simu au barua pepe iliyo kwenye chupa. Usiulize "Ni salama?" maana utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: "Mnatumia kitu gani kusafisha kinywaji hiki, na vitamini na rangi zake zinatoka wapi?" Andika jibu pamoja na tarehe, kwa sababu viwanda hubadilisha mapishi.

Jibu lisipokuja, mwambie mgeni ukweli kwamba hujathibitisha, kisha mpe maji ya chupa. Uamuzi wa kunywa kile kingine ni wake, na hawezi kuamua vizuri kama sisi tumeshamjibia "hamna shida".