Kumlea Mzee Mwenye Demensia: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Demensia si uzee. Wapo wazee wengi wanaofika miaka 90 wakimtaja kila mjukuu kwa jina na kukumbuka nani anadaiwa nini pale kijijini. Demensia ni ugonjwa wa ubongo. Aina inayoongoza ni Alzheimer. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wagonjwa ni zaidi ya milioni 55, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliowapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi walikuta takriban 6 katika kila 100 wanaugua. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Yote yanayofuata yana mzizi mmoja: mgonjwa hawezi tena kubadilika akufuate wewe. Wewe ndiye wa kubadilika.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mpeleke hospitali kabla hujaupa ugonjwa jina. Si kila anayesahau ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende, VVU, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, vyote huvuruga akili, na vingi vina tiba. Beba dawa zake zote, za duka la dawa na za mitishamba, daktari azione. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, nenda siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi.

2. Simamia presha na sukari. Dawa ya kuponya demensia haipo. Zipo zinazopunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini presha ikiachwa bila dawa, kila kiharusi kidogo kitamwondolea akili aliyobaki nayo. Vidonge usimwachie ajitunzie mwenyewe. Mpe mkononi, umwone akimeza.

3. Shika ratiba moja. Chai, kuoga, chakula, matembezi, kulala: kila kitu saa yake, kila siku. Mpeleke chooni kila baada ya saa mbili hivi, usingoje aombe.

4. Mwogeshe kwa heshima. Maji yawe ya uvuguvugu na nguo ziwe tayari, zimepangwa kwa mfuatano wa kuvaliwa. Mfunike mabega kwa khanga, anza na miguu, mwambie kila unalotaka kufanya kabla hujalifanya, na sabuni aishike yeye. Mama anayepiga kelele bafuni mara nyingi ni mama aliyevuliwa nguo bila kuambiwa.

5. Mlishe akiwa ameketi wima. Tonge dogo, ameze, ndipo lifuate jingine. Akianza kupaliwa mara kwa mara, mwambie daktari, maana chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia, nayo huua wagonjwa wengi wa demensia.

6. Ondoa hatari nyumbani. Jiko la mkaa lenye moto, mtungi wa gesi, panga, sumu ya panya, kisima kisicho na mfuniko. Mafuta ya taa yaliyo kwenye chupa ya soda atayanywa akidhani ni soda. Shona namba yako ya simu ndani ya nguo zake. Waambie majirani, mwenye duka na vijana wa bodaboda wa kijiweni kwamba mzee anaumwa, wakimwona peke yake wakupigie.

7. Mpe kazi. Achambue mchele, apukuchue mahindi, akunje nguo. Akikosea, nyamaza, utarudia wewe baadaye, yeye asipokuwepo.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usibishane naye. Saa kumi na mbili jioni mama anajifunga khanga, anachukua mkoba, anasema anarudi kwao, mama yake anamngoja. Usimwambie, "Mama yako alishakufa zamani." Kwake huo ni msiba mpya, na kesho utamfisha mama huyo tena. Muulize, "Mama alikuwa akipika nini jioni kama hii?" Tembea naye mpaka getini, mzungumze, mrudi pamoja.

2. Usimfanyie mtihani. "Unanijua mimi ni nani?" mbele ya wageni ni kumdhalilisha. Jitambulishe mwenyewe: "Shikamoo mama, ni mimi Rehema, mwanao." Wala usimzungumzie na wenzako kana kwamba hayupo. Anasikia.

3. Usiseme amerogwa, na usikubali mtu amwite mchawi. Kilifi, Kisii na Usukumani wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Bibi anayetangatanga usiku akijisemea ni mgonjwa, na macho yake mekundu ni ya moshi wa kuni. Watamkie majirani ugonjwa wake waziwazi, mapema, kabla uvumi haujatembea.

4. Usimfunge kamba wala kumfungia chumbani peke yake. Anayezunguka ana sababu: njaa, haja ndogo, maumivu, kuchoka kukaa. Itafute. Kinachofungwa ni geti, na mtu awepo ndani pamoja naye.

5. Usimpe dawa ya kumlaza bila daktari. Piriton, ambayo wengi huwapa wazee ili walale, humzidishia mkanganyiko na kumwangusha. Dawa za kutuliza wagonjwa wa akili humwongezea mwenye demensia hatari ya kiharusi na kifo. Zikilazimu, daktari aziandike na daktari azisimamishe.

6. Usimtie kidole kwenye wino. Mzee asiyejua leo ni siku gani hawezi kuuza shamba, na anayempelekea karatasi aweke dole gumba ni mwizi, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Mambo ya ardhi na benki yapangwe mwanzoni mwa ugonjwa, angali anaelewa, mbele ya mwanasheria na ndugu wote. Pesa za simu yake ziwe na hesabu inayoonekana.

7. Usimwachie mtu mmoja. Karibu kila familia huwa na binti au mkamwana aliyeachiwa mzee usiku na mchana, huku wengine wakituma pesa na kupiga simu za kutoa amri. Hiyo si kulea. Pangeni zamu na mziandike. Mlezi alale usiku mzima, apate siku zake, aende kanisani au msikitini, atibiwe naye anapoumwa.

8. Usimpige. Hakuna kosa la mgonjwa huyu linalostahili kofi, maana hafanyi makusudi. Ukihisi mkono unataka kuinuka, hakikisha yuko mahali salama, toka nje, mpigie ndugu aje akupokee. Na wewe ndugu uliyepigiwa, nenda. Mlezi akifika hapo na hakuna wa kumpokea, kofi litakalofuata si lake peke yake. Kwa hiyo iteni kikao wiki hii. Asiyeweza kufika apigiwe simu akiwa kikaoni, na kila mmoja ataje siku zake za zamu kabla kikao hakijavunjwa.