Karatasi Kwanza, Godoro Baadaye: Kumhamishia Mtoto Chuoni Meru na Embu

Kila msimu wa wanafunzi wapya kuripoti, stendi ya Meru hupokea familia zilizosafiri usiku kucha kutoka Mombasa, Malindi, Lamu na Garissa. Nazitambua kwa mizigo: sanduku la bati lenye kufuli, godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, ndoo, meza ya plastiki, na kijana aliyesimama katikati ya vitu hivyo akitazama chini. Nikiuliza barua ya chuo iko wapi, mama hunionyesha sanduku lililo chini kabisa. "Iko humo, pamoja na vyeti." Roho huniuma, kwa maana kesho asubuhi dirishani hakuna karani atakayeuliza habari za godoro.

Mimi ni mzaliwa wa pwani. Kazi ilinileta Meru nikaweka makao, na tangu hapo nyumba yangu imekuwa kituo cha watoto wa ndugu, jamaa na majirani wanaopangiwa vyuo vya huku Mlima Kenya. Sitakueleza namna ya kukunja shati. Nitakueleza yanayomkwamisha mtu mzima mwenye akili zake, aliyefika na ada kamili, akarudishwa mlangoni.

Jua unakokwenda

Barua ikisema Meru, usidhani chuo kiko mjini Meru. Meru University of Science and Technology, ambayo wote huiita MUST, iko Nchiru, kilomita kama 15 kutoka mjini kwenye barabara ya Maua. Kenya Methodist University, yaani KeMU, ndicho kilicho karibu na mji, pale Kaaga. Chuo Kikuu cha Chuka kiko kaunti ya Tharaka Nithi, kwenye barabara inayotoka Embu kwenda Meru, na ukitokea Nairobi utakifikia kabla ya Meru. Chuo Kikuu cha Embu kiko nje kidogo ya mji wa Embu, kwenye barabara hiyo hiyo. Mzazi wa Chuka akikata tiketi ya Meru atapitishwa Chuka alfajiri akiwa usingizini, kisha alipe tena kurudi na mizigo yote.

Vyuo hivi bado ni vichanga. KeMU ilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2006, Chuka na MUST 2013, Embu 2016. Vitanda vya hosteli havijawafikia wanafunzi wote, na wengi hupanga vyumba nje ya geti. Usipakie kama mtu mwenye kitanda mpaka uwe na thibitisho la kitanda mkononi.

Karatasi

Tuanze na majina, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumizwa. Nilimsindikiza binti wa dada yangu kujisajili katika chuo ambacho sitakitaja. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa jina la babake liliandikwa Athman, kwenye matokeo ya mtihani wa sekondari, KCSE, likaandikwa Athumani, na kitambulisho cha baba mwenyewe kinasema Othman. Nyumbani hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba huyo ni mtu mmoja. Karani alizitandaza karatasi tatu mezani, akapaza sauti foleni nzima isikie, akaniuliza kama nina hakika mtoto huyu ana baba mmoja. Kisha akauliza kama sisi ni Wakenya kweli. Binti alilia. Mimi sikulia, lakini sijasahau, na sitaki mzazi mwingine asimamishwe pale niliposimamishwa.

Kwa hiyo, kabla hujanunua hata soksi, weka mezani cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE, cheti cha KCPE, kitambulisho cha mtoto, vitambulisho vya wazazi na barua ya chuo. Soma herufi kwa herufi. Tofauti za tahajia huelezwa kwa hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu, ikitamka kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Jina likiwa limebadilika kabisa, kiapo hakitoshi. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na shughuli hiyo haimalizwi kwa wiki moja. Ifanyie nyumbani, kwa wakili anayeyajua majina yenu. Ukiiacha uifanyie huku, utaanza upya kueleza nani ni nani, na huenda ukaandikiwa kiapo chenye kosa jingine.

Pili, vyeti vya shule. Cheti halisi cha KCSE hutoka miezi kadhaa baada ya matokeo kutangazwa. Baraza la mitihani, KNEC, hukipeleka shuleni, na wako walimu wakuu wanaokifungia kabatini kwa sababu ya deni la karo. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 haiwapi ruhusa hiyo. Nenda ukakidai kwa heshima na kwa maandishi, na ukikataliwa peleka kopi ya barua yako kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ikiwa hakijatoka, chapisha karatasi ya matokeo, iombe shule iigonge muhuri, na uchukue cheti cha kumaliza shule. Chuoni, karani akague cheti halisi, akilinganishe na kopi, akurudishie papo hapo. Kisibaki kwake hata usiku mmoja. Kikipotea, ni abstrakti ya polisi, maombi kwa KNEC, ada, na kusubiri.

Tatu, mihuri. Fomu ya afya isome mpaka chini, uone kama inataka daktari wa hospitali ya serikali. Nimeona fomu ikirudishwa kwa kuwa na sahihi bila muhuri, na nyingine kwa kuwa na muhuri wa zahanati ya mtaani pale palipotakiwa hospitali. Fomu ikitaka sahihi ya chifu, ni chifu wa kwenu anayewajua. Chifu wa Nchiru hawezi kumshuhudia mtu wa Magarini kule Kilifi. Hizo zote zimalizike kabla ya safari. Chukua kopi za kutosha za kila karatasi na picha ndogo za pasipoti, maana siku ya kuripoti duka la kopi karibu na geti huwa na foleni ndefu kuliko ya ofisi. Piga picha kila karatasi, ubaki nazo kwenye simu yako na kwenye barua pepe ya mtoto.

Nne, pesa. Lipa kwa akaunti iliyoandikwa kwenye barua au kwenye portali ya chuo. Mtu akikupigia simu akijiita afisa wa admisheni na kukupa nambari yake ya M-Pesa, mkatie. Unapolipa, mahali pa akaunti andika nambari ya usajili wa chuo, si nambari ya mtihani wa KCSE. Wazazi wengi huzichanganya, malipo yakaingia chuoni yasijulikane ni ya nani, na mtoto akaambiwa hajalipa. Risiti ya benki au ujumbe wa M-Pesa usifutwe mpaka portali ionyeshe jina lake na kiasi kile kile.

Tano, simu na mkopo. Maombi ya mkopo wa serikali wa HELB hufanywa mtandaoni, na laini ya mwombaji yafaa iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Vijana wengi wa kwetu wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mama au kaka. Ibadilishe mapema, na kama kitambulisho bado hakijatoka, abebe karatasi ya kusubiria. Hata mkopo ukiidhinishwa, usitegemee pesa za matumizi zimkute wiki ya kuripoti. Panga chakula na kodi ya miezi miwili ya kwanza kana kwamba mkopo haupo. Hakikisha pia amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, kwa sababu NHIF ilikoma na SHA ikachukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024. Kadi ya zamani haitamsaidia akiugua.

Kwa mnaotoka nje ya Kenya: Mganda na Mnyarwanda huweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho tu, utaratibu uliopo tangu 2014, lakini kuvuka mpaka na kusoma ni mambo mawili. Mwanafunzi anahitaji pasipoti na kibali cha mwanafunzi kutoka Uhamiaji. Mtanzania aje na pasipoti tangu mwanzo. Kiulize chuo kwa maandishi, kabla ya safari, ni nani anayewasilisha maombi ya kibali, na kama vyeti vya NECTA ya Tanzania au UNEB ya Uganda vinahitaji kwanza kutambuliwa nchini Kenya. Lile jibu la maandishi libebe pamoja na vyeti.

Karatasi hizi zote zikae kwenye faili moja, ndani ya begi la mgongoni ambalo mtoto atalipakata safari nzima. Faili haliingii kwenye buti, halipandi juu ya gari, halishikwi na makanga.

Mwenye nyumba

Vyumba vya Nchiru, Ndagani pale Chuka, na Kangaru upande wa Embu hugombaniwa wiki ya kuripoti, na haraka ya mgeni ndiyo faida ya mwenye nyumba. Usitume pesa kwa picha. Tuma mtu wa kwenu akakione chumba: maji hutoka siku zipi, mita ya stima ni ya chumba hicho au mnachangia tokeni, na geti hufungwa saa ngapi. Uliza pia kama kodi hulipwa miezi ya likizo. Wengi hulijua hilo Desemba, wakati deni limeshaandikwa.

Umpe pesa mwenye nyumba au mtu aliyemtaja kwa maandishi. Keyateka, yaani mtunza nyumba, si mwenye nyumba. Jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa lifanane na jina lililo kwenye makubaliano. Amana iandikwe ni shilingi ngapi, itarudishwa lini na itakatwa kwa sababu gani. Mwenye nyumba mmoja alikataa kumrudishia mtoto wa kaka yangu amana yake kwa kisingizio cha rangi ya ukuta, ilhali madoa yale tuliyakuta. Tangu siku hiyo kijana yeyote anayepita mikononi mwangu hurekodi chumba kwa video kabla ya kuingiza hata ndoo, na humtumia mwenye nyumba video hiyo siku ile ile. Usitegemee kukimbilia baraza la kodi za nyumba, kwa sababu sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na bedsita nyingi zimeshapita hapo. Kinga yako ni maandishi.

Mizigo

Godoro, ndoo, beseni na sufuria nunua huku. Soko la Gakoromone mjini Meru lina karibu kila kitu, na mitumba ya Embu si haba. Nauli ya mizigo na ya mkokoteni hula tofauti yote ya bei uliyodhani umeiokoa. Tena, kitanda ndicho kinachoamua ukubwa wa godoro, na kitanda hujakiona. Mtungi wa gesi usijaribu kuupakia kwenye basi la abiria, ni hatari. Koili ya umeme ulizia kwanza, kwani hosteli nyingi za vyuo haziiruhusu.

Vya kubeba ni vile ambavyo pwani hatuvijali: sweta mbili nzito, soksi, koti la mvua na viatu vya kukanyaga matope. Julai na Agosti huku ni ukungu na manyunyu, na mvua za vuli huanza Oktoba. Mtoto aliyezoea kulala na shuka moja anahitaji blanketi la kweli usiku wa kwanza. Ongeza leso, viungo vya pilau na dawa anazotumia. Githeri na mukimo atavikuta. Ni chakula kizuri, ajifunze kukipenda, lakini Ijumaa moja akipikia wenzake pilau atapata marafiki wa kudumu.

Pakia kwenye begi na gunia, si mifuko ya plastiki, ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017. Wageni kutoka nje hunyang'anywa mpakani. Kila mzigo uandikwe jina na nambari ya simu, na uwe na risiti yake ya basi.

Njia

Ukiweza, safiri mchana. Kati ya Chuka na Meru kuna mteremko wa daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lililokuwa likienda Mombasa lilitumbukia na kuua zaidi ya watu 30. Barabara ya Nchiru nayo ndiyo ya pikapu za miraa kutoka Maua, na hazimsubiri mtu. Mwambie mtoto asivuke akitazama simu.



Dirishani

Siku ya kujisajili, mzazi simama nyuma. Faili ashike mtoto, maswali ajibu yeye. Akikosea, mrekebishe kwa sauti ya chini, usimnyang'anye zamu. Mtakaporudi nyumbani, ofisi zote hizi zitabaki kuwa zake kwa miaka minne: za fedha, hosteli, mitihani, mkopo. Ajue nambari yake ya usajili kwa kichwa. Akiulizwa jina la baba, alitaje kama lilivyoandikwa, aonyeshe kiapo chake, na asubiri muhuri. Akiulizwa kabila au dini yake, na fomu haina swali hilo, ajibu kwa adabu kwamba ameletwa hapo na alama zake, kisha aombe jina la karani na aliandike.