Nitrojeni: Jina Moja, Sura Nyingi

Mkulima, mahindi yako yakigeuka manjano kuanzia majani ya chini, mara nyingi yana njaa ya nitrojeni. Lakini katika kila lita 100 za hewa inayoyazunguka, lita 78 ni nitrojeni. Mbona basi yaone njaa katikati ya chakula?

Sababu ni hii. Nitrojeni, kama vitu vyote, imefanywa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomi. Atomi zikishikana hufanya molekuli. Katika hewa, atomi za nitrojeni hukaa mbili mbili, zimeshikana kwa nguvu, na mahindi hayawezi kuzitenganisha.

Bakteria wanaoishi katika vifundo vya mizizi ya maharagwe huweza. Huzitenganisha na kuziunganisha na haidrojeni, zikawa amonia. Atomi ni zile zile, lakini zimepata wenzi wengine, na sasa mmea waweza kuzitumia. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha njia ya kufanya amonia kwa joto kali na shinikizo kubwa. Mbolea nyingi za dukani zenye nitrojeni hutokana na njia hiyo.

Katika skimu ekari zako zimepimwa, haziongezeki. Kwa hiyo angalia mambo haya matatu:

1. Soma namba kwenye mfuko. Yurea ina nitrojeni 46 kwa 100, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Mfuko wa CAN ulioandikwa 26 una kilo 13. Gawanya bei kwa kilo hizo ndipo ujue ipi ni rahisi.

2. Fukia yurea. Ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu, molekuli zake huvunjika zikatoa amonia, nayo hupaa hewani. Fedha yako imepaa pamoja nayo. Itie kando ya shina bila kuligusa, kisha ifunike kwa udongo siku iyo hiyo.

3. Funika samadi. Ile harufu kali inayochoma pua katika boma ni amonia inayotoroka. Lundo lifunikwe kwa majani au udongo.

Ukivuna maharagwe, usichome mabaki yake, yarudishe shambani. Na kabla ya kununua mbolea, mwulize Bwana Shamba udongo wako unahitaji nini.