Baruti na Unyevu wa Ziwa

Wasomaji wetu wa Ujiji, Kigoma na vijiji vya ufukoni wajua mambo ya nyumba wakati wa mvua. Chumvi hulowa chunguni, ngoma hulegea, na shoka lililonolewa jana huonekana jekundu leo. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hata Aprili au Mei, na muda huo wote hewa imeshiba maji. Katika somo hili twataka kueleza yaipatayo baruti, na fataki, na maganda ya risasi, vikiwekwa katika hewa ya namna hiyo kwa miaka mingi. Twasema na wenye kibali tu, kwa maana katika Tanzania silaha na risasi zatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, na asiye na kibali hana haki ya kuwa na baruti hata kijiko kimoja.

Yafaa kwanza ijulikane baruti ni kitu gani. Baruti nyeusi, yaani ile ya gobori, ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Katika mafungu 100, shura ni kadiri ya 75, makaa 15, na kiberiti 10. Makaa na kiberiti haviyeyuki katika maji, lakini shura huyeyuka kama chumvi. Basi unyevu ukiingia, shura huyeyuka na kuwaacha wenzake, na baruti ikikauka shura hujikusanya peke yake, pengine huonekana nyeupe juu ya punje. Mtu huianika juani, huishika, huiona kavu na nyeusi kama zamani, akafurahi. Kumbe mchanganyiko umekwisha kuvunjika, wala jua haliwezi kuurudisha.

Hatari yake si kwamba bunduki itakataa kulia tu. Mara nyingine hukawia. Mwenye shamba amesimama mbele ya nguruwe, avuta mtambo, asikia fataki peke yake, kisha aishusha bunduki na kuchungulia mdomoni. Wakati huo ndipo hulia. Mtu akipatwa na jambo hili, na ashike bunduki vilevile, mdomo umeelekea mahali pasipo na mtu, angoje dakika nzima au zaidi kabla ya kuigusa.

Zamani za misafara, baruti iliyofika Ujiji ilitoka pwani katika vipipa juu ya vichwa vya wapagazi. Njia ilikuwa ya kilometa zaidi ya 1,000, na mito yake, hata Malagarasi, ilivukwa kwa mitumbwi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliipita njia hiyo. Kipipa kilicholoa njiani kilikuwa hasara tupu, hata kikipimwa kikaonekana kimejaa.

Labda mwalimu mmoja atauliza, mbona katika vita vya 1914 Wajerumani walizitumia risasi zilizozama baharini? Habari hiyo ni kweli. Aprili 1915 meli yao Rubens, iliyoleta silaha kutoka Ulaya, ilipigwa na manowari ya Kiingereza ikazama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimeingiwa na maji ya chumvi. Basi watu waliwekwa kazini huko Moshi kwa miezi mingi, wakizifungua risasi moja moja, kuisafisha baruti, na kubadili fataki nyingine. Hata baada ya taabu hiyo hazikuaminiwa. Zilizokataa kiasi cha 20 katika 100 zilipewa bombomu, na zilizozidi hapo zilitumiwa kwa mazoezi. Akiba ya zamani, isiyoona maji, iliwekwa kwa bunduki za mkono. Tena wajue kwamba baruti ya risasi za namna ile isiyo na moshi haitengenezwi kwa shura, na ndiyo sababu iliweza kusafishwa. Mwenye gobori asijipe moyo kwa hadithi ya Rubens.

Kuna hadithi nyingine ya kwetu, nayo huwapoteza watu. Meli Graf von Götzen, ambayo sasa ni Liemba, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi mwezi Julai 1916. Kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 mashine zilionekana zaweza kutumika, na mwaka 1927 ikaanza safari tena. Kwa hiyo husemwa kwamba mafuta ni dawa ya unyevu. Kwa chuma ni kweli; mtutu na upakwe. Lakini mafuta yakipenya ndani ya fataki huiua kuliko maji. Asiyepangusa mikono baada ya kupaka bunduki, asishike fataki.

Sasa twaja kwenye kuweka. Baruti na ikae katika kopo lake ililonunuliwa nalo, kifuniko kimekazwa, na kopo liwe ndani ya sanduku la mbao lililoinuliwa juu ya sakafu, mbali na ukuta. Si chini ya bati panapochomwa na jua, na kamwe si darini juu ya meko tuwekapo mbegu za mahindi. Fataki zikae chumba kingine, katika visanduku vyake. Kuzimimina pamoja katika chupa ni kutengeneza bomu. Maganda ya shaba yaoshwe, yakauke kabisa, ndipo yafungwe. Vile vifuko vidogo vya silika vinavyopatikana katika masanduku ya viatu vyafaa kutiwa sandukuni, vikiwa vikavu bado. Kopo lililotoka mahali pa baridi lisifunguliwe upesi, bali lingoje lipate joto la chumba, la sivyo litatoka jasho ndani.

Juu ya kila kopo iandikwe tarehe. Kazi ya kukagua na ifanywe kiangazi, Juni hata Agosti, wakati upepo mkavu uvumapo, wala si siku ya mvua. Baruti isiyo na moshi ikitoa harufu ya uchungu kama siki, au ikionekana na vumbi jekundu, imeanza kuoza, na yaweza kuwaka yenyewe. Hiyo isikaushwe wala isichanganywe na nyingine. Itolewe nje ya nyumba siku ileile, na polisi wapewe habari.