Somo la Fizikia: Kuongeza Amplifaya na Sabufa Katika Redio ya Gari

Wanafunzi wengi wa Kidato cha Tatu wameniuliza swali hili: "Mwalimu, kwa nini redio iliyokuja na gari haitoi besi nzuri, hata ikifunguliwa mpaka mwisho?" Jibu limo katika masomo ya umeme na mawimbi ambayo tumekwisha kuyasoma darasani. Nimeona heri nijibu hapa, ili wazazi nao wasome, maana magari ni yao na hasara huwa yao.

1. Nguvu ya redio ya kiwandani

Betri ya gari huitwa ya volti 12, lakini injini ikiwaka alteneta huipandisha mpaka kama volti 14. Redio nyingi za kiwandani hazina chombo cha kuzidisha volti hizo. Basi wimbi safi la sauti haliwezi kuzidi volti 14 upande wa chanya, wala 14 upande wa hasi. Tukigawa 14 kwa 1.41 twapata volti 10 zinazofanya kazi. Spika ikiwa ya omu 4, nguvu yake ni 10 × 10 ÷ 4, yaani wati 25. Transista nazo hula sehemu yake, hivyo zinazobaki ni kama wati 15 hadi 20.

Mtauliza, mbona redio nyingine zimeandikwa wati 50 kwa kila spika? Fanyeni 14 × 14 ÷ 4, mtapata 49. Hiyo ni nguvu ya wimbi lililokatwa kichwa na miguu, na sauti yake hukwaruza. Maandishi hayo humvutia mnunuzi, hayamfaidii msikilizaji.

2. Besi yataka nini?

Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu meta 7. Spika ndogo ya mlangoni haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa wimbi kama hilo. Ndiyo sababu ya sabufa kuwa pana. Tena sharti iwe ndani ya sanduku, kwa kuwa uso wake ukisukuma hewa mgongo huvuta. Pasipo sanduku mawimbi hayo mawili huuana.

Amplifaya ya wati 200 kwa sabufa ya omu 4 yahitaji volti 28, maana 28 × 28 ÷ 4 ni karibu 200. Zatoka wapi? Mwakumbuka kwamba transfoma haifanyi kazi kwa mkondo usiobadilika. Basi ndani ya amplifaya mna transista zinazokata na kuunga umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo transfoma huupandisha.

Lakini nishati haiumbwi. Ikiwa amplifaya yafaidi asilimia 60 tu, ili itoe wati 200 lazima ile wati 333. Gawa kwa volti 14: ni ampea 24.

3. Waya na fyuzi

Hapa ndipo penye hatari. Waya wa shaba wa meta 5, wenye unene wa milimeta za mraba 1.5, una ukinzani wa omu 0.057. Ampea 24 zikipita humo, waya wenyewe hutoa joto la wati 33. Hilo ni joto la pasi ya kuchomelea risasi, nalo limefichwa chini ya zulia la gari! Waya wa milimeta za mraba 10 hutoa wati 5 tu, nazo huenea urefu wote bila madhara.

Mwaka jana jirani yangu mmoja aliniita nitazame gari lake. Zulia lilikuwa limeungua kutoka mlangoni hadi kiti cha nyuma. Fundi aliyelifanyia kazi alipitisha waya mwekundu katika tundu la chuma bila mpira wa kuukinga, wala hakuweka fyuzi karibu na betri. Gari lilitikisika, chuma kikala ngozi ya waya mpaka shaba ikagusa bodi. Betri yaweza kutoa mamia ya ampea kwa namna hiyo. Bahati njema watoto walikuwa wamekwisha kushuka.

Basi shikeni neno hili: fyuzi hii hulinda waya kwanza. Kwa hiyo yafaa ikae karibu na betri, isipite sentimeta 45. Ikiwekwa huko nyuma kwenye amplifaya tu, waya wote wa mbele hauna mlinzi.

4. Utaratibu wa kazi

(a) Fungua kwanza waya wa hasi wa betri.

(b) Pitisha waya mwekundu penye mpira, mbali na moshi wa injini na vyuma vinavyocheza.

(c) Waya wa hasi wa amplifaya uwe mfupi, unene sawa na ule mwekundu. Kwangua rangi ya bodi mpaka chuma kionekane, kisha kaza kwa bolti.

(d) Redio ya kiwandani mara nyingi haina matundu ya kutolea ishara. Chukua ishara katika nyaya za spika za nyuma, uitie katika mlango wa amplifaya uliowekwa kwa kazi hiyo, au upitie kipunguza ishara. Usiunge waya wo wote wa spika na bodi ya gari, kwa sababu zote mbili hubeba volti. Na uzitenge na waya mwekundu, la sivyo utasikia mlio wa alteneta.

(e) Waya mwembamba wa kuamsha amplifaya ufuate swichi ya ufunguo. Usipofanya hivyo, asubuhi utakuta betri imekufa.

(f) Weka kichujio kwenye mitetemo 80 kwa sekunde. Kirungu cha kulinganisha ishara si cha kuongezea kelele. Kipandishe polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha kirudishe kidogo.

5. Masikio

Shirika la Afya Duniani limeshauri tusizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu: desibeli 89 ni saa 5 tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Nawasihi vijana msijipimie besi kwa madirisha yanayotetemeka.

Mazoezi

1. Amplifaya ya wati 300 yafaidi asilimia 75. Kwa volti 14, yahitaji ampea ngapi?

2. Sabufa mbili za omu 4 zimeungwa sambamba. Ukinzani wake ni nini, na mkondo utabadilikaje?

3. Eleza kwa nini fyuzi kubwa kupita kiasi cha waya ni sawa na kutokuwa na fyuzi.

Majibu yaletwe maabara kabla ya kufunga shule.